Mvinyo wa milima ya Alps tuliounywa kwa mirija hapa Buffalo

Wakuu, habari za majumbani. Mimi ni bibi mzee, shule niliishia darasa la tatu, mwandiko mtanivumilia. Ila haya niliyaona kwa macho yangu, kwenye meza yangu, hapa Riverside, Buffalo, Marekani.

Waliokuwepo ni hawa.

Bonifasi, shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu Zakaria. Alitoka Louisville.

Melkiori, kaka yangu, tumetoka tumbo moja. Alitoka Columbus.

Divine, mjukuu wangu niliyemlea tangu kambi ya wakimbizi Kigoma.

Na Kevin, kijana wa Kikenya aliyesoma kule Amherst, mchumba wake Divine.

Ilikuwa Ijumaa. Kesho yake ndugu za Kevin walikuwa wanakuja kuposa, na kwetu Warundi mwanamke hasimami kujibu posa. Anasimama baba. Baba yake Divine hayupo duniani, babu yake hayupo. Upande wa baba amebaki Bonifasi.

Shida sasa. Bonifasi na Melkiori walikuwa hawasemeshani tangu tulipomzika Zakaria. Theluji ilifunga barabara, basi la Bonifasi likakwama njiani, na makaburi ya huku yana ratiba zao. Melkiori ndiye aliyesema tuzike. Bonifasi alifika jioni akakuta udongo.

Basi ile Ijumaa, kuingia tu, akamwona Melkiori jikoni anamenya ndizi. Akarudi mlangoni. Akaniambia kwa adabu kabisa, "Shemeji, mimi nitalala kwa jamaa yangu hapo jirani Lackawanna. Kesho mtafute mtu mwingine wa kusema."

Wakuu, nikamwomba angoje kidogo.

Kwetu watu wakikosana hivyo wanakunywa chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake, vichwa karibu vigusane. Kambini Zakaria alikuwa anatengeneza pombe ya ndizi, na hao wawili ndio walikuwa wa kwanza kufika. Mrija mmoja ukipasuka walipokezana uliobaki, wanacheka kama watoto. Hata nikiandika hapa nawaona, na Zakaria pembeni anawafukuza, "Niachieni na mimi, nzi nyinyi."

Sasa pombe ya ndizi Buffalo naitoa wapi, na mtu ameshavaa koti?

Kabatini kulikuwa na chupa aliyoniletea Kevin. Mvinyo mwekundu wa huko milima ya Alps. Chuoni alikuwa na rafiki anaitwa Luka. Wazazi wa Luka ni Ottilia na Sepp (majina niliuliza, siwezi kupokea kinywaji cha mtu nisiyemjua). Wana kashamba kadogo ka mizabibu kwenye mteremko mkali, wanachuma kwa mikono yao, chupa zinatoka chache na nyingi zinaishia hapohapo kijijini.

Kevin, ambaye huniita shosho, yaani bibi, aliponipa aliniambia, "Shosho, hii ni rare sana. You sip pole pole, kwa glass nzuri."

Nikachukua chungu changu cha maharagwe, kilikuwa kimeoshwa. Divine akazibua chupa. Nikamimina yote. Mirija nikachukua ile minene ya chai baridi za watoto, zile zenye vidonge laini vya muhogo vya kutafuna.

Kevin alikuwa anaingiza viti vya kesho. Akasimama na kiti mkononi.

"Shosho. Yote?"

"Babe, leave her," Divine akamwambia.

Nikaonja mimi kwanza, kama inavyotakiwa, waone hauna sumu. Walokole wenzangu mnisamehe, sikuonja kwa raha.

Nikamwambia Bonifasi avute mara moja tu, halafu aende zake.

Akavuta amesimama. Melkiori akavuta ameketi.

Halafu Bonifasi akalamba midomo. "Zambarau," akasema, kama anajisemea.

Na kweli wakuu. Ule ukakasi wa zambarau, halafu utamu unakuja nyuma taratibu.

"Za nyuma ya zahanati ya kambi," Melkiori akasema. "Siku Zakaria amekwama juu ya mti, mtu mzima na ndevu zake."

Bonifasi alitaka kucheka, nikaona anajizuia. Akakaa. Akauliza macho yakiwa kwenye chungu, "Nani alitupa udongo wa kwanza?"

"Mimi."

"Wa pili?"

"Mimi tena. Huo niliutupa nikaita jina lako."

Nilikuwepo makaburini, lakini nilikuwa nimejifunika shali mpaka masikioni. Hilo sikulisikia mpaka siku ile.

Bonifasi akasukuma chungu upande wa Melkiori. "Vuta basi, kabla sijaumaliza."

Kesho yake alisimama, akawazungusha wale Wakenya kwa maneno mpaka jasho likawatoka, ndipo akawapa mtoto.

Jumapili Bonifasi na Melkiori wakaondoka gari moja, maana kutoka hapa kwenda Louisville unapita Columbus. Miaka yote hiyo Columbus ilikuwa njiani.

Nilichojifunza ni kidogo. Mtu akitaka kuondoka na kinyongo, mpe kilichopo nyumbani, usingoje kile cha desturi.

Waliowahi kuonja mvinyo wa namna hii, au kupatanisha watu kwa chungu, nao waseme. Na kama humu yupo aliyemfahamu Zakaria wangu: ule mzambarau nakumbuka ulikuwa nyuma ya zahanati, Divine anasema niliwahi kumwambia nyuma ya shule. Nikiwa nimekosea, nisahihisheni.