Fundi Evelina alifumua gauni la Bibi Wilhelmina

Asubuhi ya Alhamisi, kabla wanunuzi wa samaki hawajajaa sokoni Mwaloni, Evelina Luhende ameketi kibarazani kwake Kirumba, jijini Mwanza, akifumua gauni alilolimaliza jana. Anakata uzi kwa ncha ya wembe, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba mguuni. Cherehani imefunikwa shuka.

Gauni ni la kitenge cha kanisa chenye picha ya Bikira Maria kati ya nyota. Mbele picha imekaa kifuani, vizuri kabisa. Mgongoni, Mama amewekwa kichwa chini, miguu juu.

"Sikuona," anasema Evelina bila kuinua macho. "Nimekata, nimeshona, nimepiga pasi, sikuona. Nilipolitundika msumarini ndipo nikaona. Nikakaa chini."

Kosa hilo lina asili yake. Kwa miaka tisa mama huyu wa watoto wanne alifanya kazi katika chumba cha kukatia cha kiwanda kimoja cha nguo. Huko kitambaa kilitandazwa mezani tabaka juu ya tabaka, na mkataji aliyesifiwa ni yule aliyebakiza vipande vidogo. Walilaza vipande vya nguo mzungu wa nne, mabega ya hiki yakielekea pindo la kile, kama watoto wengi kwenye kitanda kimoja. Vitambaa vyao vilikuwa vya maua au rangi moja, havina juu wala chini, basi hapakuwa na tatizo.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1993. Sasa marobota ya mitumba yanafunguliwa kila kona ya soko, na shati lililovaliwa Ulaya linauzwa kwa bei ndogo kuliko mshono wa shati jipya. Mumewe, Paulo, amerudi Sengerema kulima pamba. Evelina amebaki mjini na cherehani.

"Kitenge cha Bibi kilikuwa kifupi," anaeleza. "Nikawaza nikibanebane kitatosha. Mkono wangu ukarudi kiwandani wenyewe."

Gauni hili si la kawaida. Mwezi ujao parokia yao inafanya jubilei, na akina mama wote wanataka sare. Mwenyekiti wao, Mama Noela, amemwambia Evelina ashone kwanza moja, la mzee kuliko wote, Bibi Wilhelmina. Likipendeza, kazi yote ni yake. Kila mama ana kipande chake tu cha kitenge, ziada hakuna.

Kazi hiyo ingezidi mikono miwili. Evelina angewaita Kija na Odeta, walioshika mkasi pamoja naye kiwandani, ambao sasa wanaanika dagaa Mwaloni. Kila usiku huwataja katika sala zake, mmoja baada ya mwingine.

Jua linapopanda, Mama Noela anafika na Bibi Wilhelmina mwenyewe, aliyeshuka sasa hivi kwenye meli ya Nansio, kisiwani anakolima. Evelina anapiga goti.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Liko wapi gauni langu? Meli imenitikisa mpaka nimesahau nimefuata nini."

Evelina angeweza kusema bado hajamaliza. Badala yake anakitandaza kile kipande cha mgongo magotini, waone wote.

Mama Noela anainama kukitazama. Kisha anasema polepole, "Evelina, huyu Mama tumempeleka wapi?"

Bibi Wilhelmina anainamisha kichwa upande, anaitazama picha kwa muda. "Mwacheni," anasema. "Mimi siku nzima niko shambani nimeinama. Nikiinama, yeye anasimama wima."

Mama Noela anajifunika mdomo kwa khanga, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Hapana, Bibi," anasema Evelina. "Kanisani utakuwa umesimama."

Anaomba muda, na wanawake wawili wanakaa kwenye mkeka kumtazama. Anakikata kipande cha mgongo pale kiunoni, anaigeuza nusu ya juu ili Mama asimame, kisha anachonga upya shingo na makwapa. Mapengo yaliyohamia kiunoni anayaziba kwa masalio, akilinganisha nyota za kitenge moja moja ili jicho lisikwame. Mwisho anashona mkanda mpana juu ya kiungo.

Cherehani inalia. Rozari ya Bibi inatembea vidoleni mwake.

Gauni linapovaliwa, Mama Noela anamzunguka mzee, anapitisha kidole gumba juu ya mkanda.

"Nani atajua hapa pameungwa?"

"Sisi watatu," anajibu Evelina. "Na Mama."

"Mimi nimeshasahau," anasema Bibi Wilhelmina, akijigeuza kujaribu kuuona mgongo wake mwenyewe. "Limenikaa. Mkitaka kunizika nalo siku ikifika, msibadilishe kitu."

Mama Noela hakimbilii kusifu. "Vitenge nitavileta Jumatatu," anasema. "Lakini mkasi haugusi kitambaa kabla hujapiga chaki upande wa kichwa, na chaki hiyo nitakuja kuiangalia mimi."

"Njoo kila siku," anasema Evelina.

Wageni wanapoondoka, anaifunika cherehani na kuteremka Mwaloni. Kija yupo kati ya dagaa waliotandazwa, anawageuza kwa ufagio.

"Jumatatu," Evelina anamwambia. "Wewe na Odeta. Sare za parokia nzima."

Kija anaendelea kufagia, kisha anasimama. Ananusa viganja vyake. "Nikushikie vitambaa vya kanisa kwa mikono hii? Watu wataimba Gloria wananukia samaki."

"Nunua ndimu."

"Na mkasi? Wangu nimeuza."

"Tutapokezana wangu. Baadaye, Mungu akijalia, kila mtu na wake, na meza ndefu kama ile ya zamani. Nimeshapima kibaraza, inaingia."

Kija anaegemeza ufagio ukutani, anaanza kumwita Odeta, ambaye yuko mbali kidogo, karibu na maji.