Flashi Bila Filamu

Kuna aibu ambayo mtu huisimulia akiwa ameshika kikombe cha chai, apate mahali pa kuficha uso, na hii yangu ni ya namna hiyo, kwa hiyo nichekeni lakini mcheke polepole, maana mpaka leo nikisikia mtu amepiga ulimi, klak, masikio yangu yanapata moto.

Nilitoka kwetu Wundanyi nikiwa na begi moja, kamera moja na pazia lililochorwa ndege inapaa juu ya maghorofa. Nikashuka mlima mpaka Voi, nikalala stendi, nikapanda basi la Nairobi lililoharibika Mtito Andei na kukaa pale mpaka dereva akawa ananiita kwa jina, halafu Nairobi nikapanda treni ya Kisumu, behewa la daraja la tatu, nimekumbatia ile kamera kama mtoto mgonjwa. Asubuhi nikafungua macho nikaona mashamba ya miwa, kisha ziwa. (Nilidhani ni ukungu. Mtu wa milimani akiona maji mengi hivyo kwanza hukataa.)

Kwa nini Kisumu? Kwa sababu studio niliyofanya kazi Mombasa ilifungwa, na siku zile, mwanzoni mwa miaka ya tisini, redio haikuwa na wimbo mwingine ila soko huria: kila mtu aanzishe chake, ajitegemee, asingoje kuajiriwa. Basi nami nikajiona ni sehemu ya uchumi wa nchi. Na mwenzangu mmoja alikuwa amenieleza kwamba upande wa ziwa watu hupenda picha, hasa kwenye mazishi, kila ukoo na kila kanisa wanataka kusimama kando ya jeneza wapigwe. Nikasema huko ndiko riziki yangu ilikokaa.

Mjini Kisumu kodi ilinishinda kabla hata sijaingia mlangoni, nikasogea mpaka Katito, sokoni, pale njia ya Kendu Bay inapochepuka. Nikapata chumba cha mabati ubavuni mwa Bwana Okelo, fundi wa baiskeli, mtu mwenye mdomo usio na breki. Yeye ndiye aliyenibatiza Japicha, yaani mtu wa picha, na baada ya juma moja jina nililopewa na wazazi wangu halikujulikana tena na mtu yeyote.

Sasa nieleze siri ya kazi. Filamu moja ilikuwa na picha thelathini na sita, na ilikuwa ghali. Na kwenye sherehe yoyote wapo watu wanaojipanga mbele ya kamera lakini picha zikitoka hawaji kuzilipia. Hao mwalimu wangu wa Mombasa alinifundisha kuwapa flashi tupu: nyuma ya taa ya flashi kuna kidude chekundu, ukikibonyeza taa inawaka lakini kamera haijapiga kitu. Tatizo ni kwamba mwanga unatoka bila mlio. Mimi nikagundua dawa yake (nilijiona mwerevu sana), nikawa nabonyeza kidude huku nikipiga ulimi kwenye kaakaa, klak. Mtu anaondoka ameridhika, filamu imebaki. Niliiita flashi ya heshima.

Siku moja akaja kijana aitwaye Ochieng', karani Kisumu, akanikodi kwa mazishi ya baba yake, mzee aliyeheshimika pande za Nyakach zinazoelekea ziwani. Akaniuliza, "Filamu mbili zitatosha?" Nikamwambia zitatosha, kisha dukani nikanunua moja. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo kama punje ya mtama. Nilijiambia, kwani flashi ya heshima ni ya kazi gani?

Kufika pale, boma limejaa. Wakwe wakapigwa, kwaya ikapigwa, akina mama wa kanisa wakapigwa kwa mistari miwili, watoto na wajukuu wakapigwa. Nilipoangalia kihesabio cha kamera, zilikuwa zimebaki picha nne, na watu wa kazini kwa Ochieng' ndio kwanza wanashuka kwenye gari. Hapo akanijia bibi mmoja mzee. Amevaa koti la kiume la kijivu, mikono imefunika vidole, kofia ya kiume imemshuka mpaka kwenye nyusi, mkononi fimbo. Tangu asubuhi nilikuwa nimemwona akizunguka boma, anaimba, anatisha upepo kwa ile fimbo, anakimbia mpaka langoni na kurudi, na hakuna aliyemzuia. Nikajiambia, kila mazishi yana mlevi wake.

Akasimama kando ya jeneza, akanyoosha koti, akaweka kiganja juu ya ubao. "Japicha," akasema, "piga mimi na huyu."

Nikabonyeza kidude. Klak.

Akageuka ubavu. "Tena." Klak. Akavua kofia, akaiweka juu ya jeneza, akaniangalia moja kwa moja. "Tena." Klak.

"Ero kamano, nyathina," akasema. Asante, mwanangu. Nami nikamwinamia, kisha nikaenda kuwapiga watu wa gari.

Juma lililofuata nikapeleka picha bomani. Zilipita mkono kwa mkono, watu wanajitafuta, wanachekana. Yule bibi alikuwa ameketi mlangoni mwa nyumba kubwa, na lile koti bado analo mwilini. Nikamuuliza Ochieng' kwa sauti ya chini, "Yule mama wa koti ni nani?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jua ni nini. "Si ni mama yangu? Mke wa kwanza. Koti ni la mzee. Kwetu mjane huvaa nguo ya bwana yake, na kwenye mazishi hufukuza kifo kwa fimbo, na nguo haivuliwi mpaka kilio kiishe." Kisha akapekua picha zote mara ya pili. "Na mama hayumo hata moja. Yake ziko wapi? Alisema ulimpiga tatu."

Ndugu zangu, pale ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli. Mimi nikasema zimechelewa, ziko Kisumu, zinakuja.

Mama Dorina, ndilo jina lake, akaanza kuzifuata. Kila siku ya soko alitembea kutoka kwake mpaka Katito, akaketi kwenye benchi langu ndani ya lile koti, katikati ya wateja wengine. "Japicha, yangu imefika?" Nikasema juma lijalo. Juma lijalo nikasema mashine imeharibika. Siku moja, tukiwa wawili tu, akaniambia kwamba miaka yote aliyokaa na mzee hawakuwahi kupigwa picha pamoja, kwa sababu mzee alikuwa akisema watapigwa mwaka wa mavuno mazuri. "Sasa ameenda na hiyo ahadi," akasema. "Hizo tatu ndizo zilizobaki."

Sikulala vizuri. Lakini asubuhi yake, badala ya kuungama, nikaongeza uongo mkubwa kuliko yote: nikamwambia picha zake ziliungulia maabara, kule zinakosafishwa. (Maabara haikuwa na kosa lolote, na hii nayo iko kwenye deni la dhambi zangu.)

Sikukumbuka kwamba Ochieng' anafanya kazi Kisumu. Alikwenda maabara kwa hasira, akarudi Katito siku ya soko, saa tano, watu wamejaa, ameshika kanda za negativu za ile filamu yangu.

"Japicha, toka nje." Nikatoka. "Filamu ina picha ngapi?"

"Thelathini na sita."

Akaniinulia kanda juani. "Soma namba. Moja mpaka thelathini na sita, zote ziko, hakuna iliyoungua. Mama yangu yuko namba gani?"

Bwana Okelo akaacha spana. Wauza nyanya wakaacha nyanya. Na Mama Dorina alikuwa pale pale kwenye benchi, na ndiye aliyeuliza, kwa upole, jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko ukali wote wa mwanawe.

"Na ule mwanga, mwanangu? Niliuona mara tatu."

"Ulikuwa mwanga tu, mama."

"Na ule mlio?"

Nikatazama viatu vyangu. "Ulikuwa ulimi, mama."

Kisha Okelo akasema, "Hebu tusikie." Nikadhani anatania. "Omera, piga tusikie," akarudia, yaani rafiki yangu, ila siku hiyo neno hilo halikuwa na urafiki. Basi mimi, mtu mzima mwenye cheti cha kidato cha nne, mbele ya soko zima, nikapiga ulimi. Klak.

Katito ilicheka mpaka punda walipiga kelele. Mtu aliyekuwa ameketi juu ya gunia la mahindi alianguka. Mama Dorina hakucheka. Alingoja watu watulie, akauliza, "Mbona mimi?"

"Kwa sababu ya koti, mama. Sikujua. Nilidhani..."

"Ulidhani nini?"

"Nilidhani umelewa."

Hapo hakuna aliyecheka. Mama Dorina akajifunga vifungo vya lile koti kimoja kimoja, akachukua fimbo yake, akaondoka. Heri angenipiga nayo.

Mtasema yaliishia hapo. Yalianzia hapo. Kesho yake akaja bwana na mchumba wake, wakaketi mbele ya pazia langu la ndege, nikainua kamera, bwana akainua mkono. "Fungua kwanza tuone filamu." Nikamweleza kwamba kamera ikifunguliwa mwanga unaingia na filamu inaharibika. Akasema, "Si ni soko huria? Mwenye pesa huangalia mali kabla ya kununua." Nikafungua. Akaiona filamu, akaridhika, na filamu ikafa. Nikatia nyingine, nikapiga, na jioni mteja mwingine akataka kuona hiyo pia. Ukifungua umepata hasara, usipofungua wewe ni mwizi. Wapita njia walikuwa wakinisalimu kwa ulimi, mpaka watoto wa shule, mpaka, naapa, kasisi mmoja. Mpiga picha mwingine akafungua studio ng'ambo ya barabara, na mimi ningefanya nini? Mteja hafungwi kamba.

Nikaanza kukunja pazia. Ndipo siku moja mlangoni akatokea Mama Dorina, koti lile lile.

"Nasikia unahama."

"Ndiyo, mama."

"Jumapili ijayo ninavua hili koti. Nikilivua silivai tena." Akaelekeza fimbo upande wa kwake. "Mzee hayuko, lakini kaburi liko. Njoo."

Tulitembea naye mpaka bomani. Kaburi lilikuwa kando ya nyumba kubwa, udongo umeanza kuota nyasi. Akasimama penye kichwa, akanyoosha koti, akavua kofia, akaishika kifuani. Mimi kwa mazoea ya siku zile nikashika kifuniko cha nyuma ya kamera nimwonyeshe.

"Ukifungua inaharibika, sivyo?"

"Inaharibika, mama."

"Basi usifungue. Piga."

Nikapiga. Akakunja uso. "Hiyo ndiyo sauti yake?"

"Ndiyo, mama."

"Ni ndogo."

"Ni ndogo, mama."

"Ulimi wako ni bora," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akacheka, akacheka mpaka akashikilia fimbo, nami nikapiga ya pili akiwa katika kucheka huko, na ya tatu alipokuwa anafuta macho.

Nikaenda Kisumu na filamu ile peke yake, nikasimama dirishani mwa maabara mpaka zilipotoka (na nikawaomba radhi, wakaniangalia kama mwendawazimu). Siku niliyoondoka nilianza kwa kupita bomani na begi begani. Mama Dorina aliziangalia zote tatu kwa muda mrefu, akazipeleka karibu na macho, akazipeleka mbali, akachagua ile ya kucheka akaiweka juu. Kisha akafungua fundo la leso, akatoa pesa.

"Hapana, mama, picha hizi ni zawadi yangu kwako."

"Chukua. Usipochukua watu watasema ulinipa flashi."

Nikachukua kwa mikono miwili. Stesheni ya Kisumu nilinunua nazo mkate na soda, nikala nikingoja treni. Tangu siku hiyo nimekaa miji mingi na kufungua vibanda vingi, vingine vimekufa, vingine vimenilisha, na sijawahi tena kuwasha taa bila filamu nyuma yake, hata kwa mtoto anayelia. Nikiishiwa na filamu nasema imekwisha, na mteja akienda kwa mwingine, anaenda.