Taban wa Bugembe na Kaseti ya Mama Yake

Zamani bibi harusi wa Kinubi alitolewa nyumbani kwa sauti za wanawake waliozijua nyimbo za doluka, ngoma yao ya harusi, tangu utotoni, na leo anatolewa kwa spika za kukodi zinazoimba lugha ambayo yeye mwenyewe haijui.

Taban alikuwa jirani yangu Bugembe. Babu yake aliletwa na jeshi kutoka Sudan, ndiyo maana wateja walimwita "Afande" ingawa hakuwahi kushika bunduki. Alichoshika ni kompyuta moja ya mezani, katika chumba kando ya barabara ya Iganga, akichapa barua za watu na kutoa nakala. Bei ya umeme ilikuwa inammaliza, basi akajifunza mwenyewe kuibana mashine. Aliipunguzia prosesa mwendo hadi nusu, ili feni isivume na umeme usiliwe ovyo. Akaiagiza pia izime kioo ikikaa bila kuguswa, na baadaye kidogo ilale yenyewe. Ilimtii, kitu ambacho watoto wa siku hizi hawakiwezi.

"Afande, hii kompyuta imefunga Ramadhani?" Isiko, muuza vipuri, alimuuliza siku moja akisubiri barua yake.

"Inakula kama ninavyokula mimi, bwana. Kaa chini."

Mwaka juzi dada yake mkubwa, Ruqaiya, alikuja kutoka Nkoma kule Mbale, amefunga kaseti ndani ya leso. Binti yake, Rania, alikuwa anaolewa. Kaseti ile ndiyo pekee iliyobaki na sauti ya marehemu mama yao, akiimba wimbo wa kumtoa bibi harusi, na Ruqaiya alitaka uingizwe kwenye kompyuta ili upigwe siku hiyo. Wanawake wengine waliojua maneno yake walikwisha kuzikwa, na waliobaki wanajua nyimbo za simu tu.

"Utepe umechoka," Ruqaiya alisema. "Utapita mara moja, basi. Usiniharibie, Taban."

"Dada, mashine hii naijua kuliko nilivyomjua mke wangu."

"Ndiyo maana alikuacha."

Taban alijua kwamba mwendo wa nusu ungeikatakata sauti. Akairudishia prosesa mwendo wake wote, feni ikavuma, akaunganisha waya kutoka kwenye redio ya kaseti, akaanza kurekodi. Mimi nilikuwa nimeketi mlangoni. Wanawake wa zamani waliposikika redioni, ndugu wale wawili walivua viatu wakakaa mkekani, mikono magotini, macho chini. Ndivyo tulivyolelewa: mzazi aliyekufa akisikika, hushiki kazi nyingine. Kioo cha kompyuta kikazima. Hakuna aliyeshtuka, kwani kila siku kilizima. Mama yao akaimba, na wimbo ule ukajaa chumbani hadi wapita njia wakasimama.

Ulipokwisha, utepe ulinaswa ndani ya redio. Taban akauvuta, ukakatika vipande kama ganda la kitunguu.

"Acha uende," Ruqaiya alisema, akifuta machozi huku anacheka. "Mama sasa yumo kwenye kompyuta."

Taban akagusa kipanya. Mashine ikaamka. Mwendo alikuwa ameubadilisha, lakini agizo la kulala aliliacha palepale, na kwa kuwa hakuna aliyeigusa, ilikuwa imelala katikati ya kurekodi. Kilichorekodiwa kilikuwa mwanzo tu: wanawake wakicheka, ngoma ikipashwa moto, mtu akiomba maji. Mama alikuwa bado hajafungua kinywa.

Ruqaiya hakumtukana. Afadhali angemtukana. Alivaa viatu akaenda stendi peke yake.

Mara ya mwisho nilipowaona ilikuwa Nkoma, siku ya harusi. Walikuwa nyuma ya nyumba, karibu na masufuria ya pilau. Ruqaiya alianza ubeti wa wimbo wa mama yao, Taban akamkatiza.

"Siyo hivyo, dada."

Akajaribu yeye.

"Na wewe siyo hivyo!"

Walirudia tena na tena, kila mmoja ameshikilia neno lake, hadi gari la bwana harusi likapiga honi huko mbele. Spika zikafunguliwa. Rania akatolewa, na wao wawili walikuwa bado hawajavuka mstari wa kwanza.