Sigara ya Kutumwa

Siku moja ambayo haijanitoka akilini, mwanangu, ni ile cucu, mama yake baba, alipokuja kututembelea Makongeni. Baba alikuwa ametoka kiwandani, amechoka. Akamtuma ndugu yangu Kamau dukani kuchukua sigara moja, kisha, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba nyingi wakati huo, akamwambia aiwashe kwenye jiko la makaa amletee. Na sigara haishiki kwenye kaa mpaka uivute. Kamau, mtoto wa darasa la tano, akairudisha huku moshi ukimtoka puani. Sisi tukacheka.

Cucu hakucheka. Alijua kwamba wiki hiyo hiyo Kamau alikuwa amechapwa kwa kupatikana akivuta nyuma ya choo, na baba akaenda kumtukana mwenye duka eti ndiye aliyemuuzia.

"Mwangi," akamwambia baba, "unamgombeza mwenye duka bure. Fegi ya kwanza huyu mtoto alivuta, ni wewe ulimpatia."

Baba aliinamisha kichwa. Tangu hapo hakumtuma tena, lakini mazoea yana taabu, na Kamau alikuwa amekwisha kuzoea. Leo ndiye huyo anko wako wa Ngoingwa, ambaye hawezi kupanda ngazi za ghorofa ya ploti yake bila kuketi njiani. Nampenda ndugu yangu, na kile kikohozi chake kinaniuma.

Ndiyo maana jana, nilipokuwa kwako Kiuu, niliona aibu. Ulimtuma mwanao Njoroge sigara moja dukani kwa Mama Atieno, akarudi mikono mitupu, nawe ukatoka mbio kumfokea Mama Atieno mbele ya wateja wake.

"Baba Njoroge, mtoto siuzii," alikujibu kwa upole. "Na hizo za moja moja sheria imekataa."

"Si yake, ni yangu. Kwani hunijui?"

Anakujua sana. Asichoweza kujua ni siku ambayo Njoroge atasema "nimetumwa na baba" kumbe amejituma. Sheria hiyo si kamili, nakubali. Hapo mbele kuna vibanda vinavyouza sigara moja moja kando ya peremende. Lakini ua hauna faida ikiwa mwenye boma ndiye anayeacha lango wazi. Mama Atieno alikuwa anamlinda mwanao, nawe ukamtukana kwa hilo.

Basi sikiliza, mwanangu. Usimtume tena mtoto sigara, hata kama mvua inanyesha na miguu inakuuma. Kesho nenda ukamwombe Mama Atieno msamaha, Njoroge akiwa amesimama hapo anasikia, kwa sababu mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Mungu akupe nguvu ya kuacha sigara. Na kabla hujaipata, akupe unyenyekevu wa kwenda kununua sigara mwenyewe. Mjukuu wangu naye ajaliwe kifua kizima, apande ngazi zake hadi uzeeni bila kuketi.