Komeo, fundi wa vitasa asiyebisha hodi

Saa tatu asubuhi. Mwanamume mmoja anapanda ngazi za nyumba ya ghorofa moja, sanduku la vifaa begani, na kabla hajafika katikati nyumba nzima imeshajua kwamba anakuja.

"Jamani, goti langu," analalamika kwa sauti. "Aliyejenga ngazi hizi hakuwa na wazee kwao."

Anasimama, anaguna, anaendelea. Mwanamke anayeanika nguo juu anamwuliza kwa nini asilibadilishe hilo goti, maana vitasa vya watu anabadilisha kila siku. Fundi anamjibu kwamba la saizi yake limekosekana madukani.

Anafika kwenye mlango wa mwisho. Habishi hodi. Anatua sanduku, analalamika mara moja zaidi, kisha anasubiri. Ndani inasikika miguu midogo ikikimbia, halafu kimya, halafu komeo linavutwa taratibu na mlango unafunguka.

"Karibu, fundi," anasema mama aliyefungua. "Tumekusikia tangu chini."

"Ndiyo shida ya uzee," anajibu fundi, na mara moja anapiga magoti mbele ya mlango, yote mawili, bila kuguna, kama mtu anayetaka kusali. Anatoa keekee ya kutobolea mbao na penseli.

Watu wanamwita Komeo. Jina alilopewa na wazazi limebaki kwenye kitambulisho tu. Hata mkewe halitumii. Ana miaka hamsini na minane, na zaidi ya thelathini kati ya hiyo ameitumia kuchonga funguo na kutengeneza vitasa katika kibanda kilichobanwa kati ya fundi viatu na muuza betri. Kipato chake, anasema, kinatosha chakula cha siku, na mvua ikinyesha hakitoshi, kwa sababu watu wakilowa hawakumbuki vitasa.

Hata hivyo, kila Alhamisi kibanda hicho hakifunguliwi. Siku hiyo Komeo ni mtu wa kujitolea katika kamati ya kupokea wageni, watu waliokimbia vita na wengine waliokuja kutafuta maisha. Kamati inakutana katika ukumbi ulio nyuma ya nyumba ya ibada. Wapo wanaokusanya mablanketi, wapo wanaowapeleka watoto kuandikishwa shule, wapo wanaowasindikiza wagonjwa hospitali. Yeye ni wa milango.

"Mtu aliyekimbia kwake, ukimwonyesha chumba hatazami kitanda," anasema. "Anatazama mlango. Anausukuma aone kama unafunga sawasawa. Usipofunga, hata umpe godoro la namna gani, hatalala."

Aliyemwingiza kwenye kazi hiyo ni mkewe, muuza mitumba, ambaye alianza kuwapelekea wageni nguo za watoto zilizokosa wanunuzi. Komeo anakiri kwamba wakati huo yeye alikuwa akimwambia, "Mungu akubariki, mama," kisha anabaki na redio yake. Hadi siku mkewe aliporudi na kumwambia kuna familia inalala imeegemeza meza mlangoni kwa kuwa kitasa kimekufa. Komeo akaenda mara moja tu, kwa maneno yake. Hiyo mara moja ina miaka sita sasa.

Lakini mlango anaoufanyia kazi leo ndio uliomfundisha asibishe hodi.

Mwenye chumba ni mwanamke ambaye majirani wanamwita Mama Pacha. Alifika mwaka juzi na mabinti wawili mapacha, wakati huo wana miaka mitano, bila mume. Kamati ikampatia chumba hiki, akapata kazi ya kuosha vyombo mkahawani, na watoto wakaanza shule iliyo mtaa wa pili. Kiswahili anakijua, ila kina ladha ya kwao. Ameruhusu habari hii iandikwe, bila picha.

Tatizo lilikuwa moja. Ukibisha hodi kwake, haitiki. Yumo ndani, taa inaonekana chini ya mlango, lakini haitiki. Jirani akija kuomba moto, kimya. Watoto wa jirani wakija kuwaita wenzao wacheze, kimya, na hata wale mapacha wanatulia kana kwamba wameambiwa wasipumue.

"Nilisema huyu ana maringo," anasema mama mwenye nyumba, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika mbali, anayeishi chini. "Nikasema sawa, maringo hayanipunguzii kitu. Lakini la msiba lilinishinda."

Alikuwa amefiwa na dada yake wa pekee. Nyumba ilijaa watu wa kumpa pole, wengine wakilia tangu barabarani. Walipopita kuwaita wapangaji mlango kwa mlango, wote walitoka isipokuwa mmoja. Siku zote za msiba Mama Pacha hakushuka. Baada ya mazishi mama mwenye nyumba akaiambia kamati kwamba mwisho wa mwezi anataka chumba chake.

Kamati haikuwa na chumba kingine. Na wenye nyumba wanasemezana. Mpangaji aliyeondolewa kwa kukosa utu, nani angempokea pamoja na watoto wawili? Komeo na mkewe wakatumwa wakaone kuna nini.

Komeo alibisha hodi mara tatu. Kimya. Akatega sikio mlangoni na kuhisi mtu upande wa pili amezuia pumzi.

"Toka hapo," mkewe akamwambia. "Unabisha kama askari."

Akaenda kukaa kwenye ngazi, maana goti kweli lilikuwa limevimba siku hiyo. Mkewe akapata nafasi aliyokuwa akiitafuta wiki nzima.

"Nilikwambia uende hospitali."

"Nitakwenda."

"Lini? Ukishabebwa?"

"Mke wangu, si mbele za watu."

"Watu gani? Huo mlango?"

Ndani mtoto akacheka. Akanyamazishwa, akashindwa kujizuia, akacheka tena, na safari hii wakawa wawili. Baada ya muda komeo likavutwa na jicho moja likachungulia.

Mkewe Komeo hakuuliza kitu. Alipopewa kiti akakaa, akamvuta mtoto mmoja katikati ya magoti yake na kuanza kumsuka nywele. Komeo akaona kitasa kinalegea, akaanza kukifungua. Kazi ikaendelea hivyo, kila mtu na lake, mpaka Mama Pacha mwenyewe akasema, akiwa amewapa mgongo:

"Waliokuja kwetu walibisha hodi. Vizuri tu, kama majirani. Baba wa watoto hawa akawaambia karibuni."

Hakuna aliyemtaka aendelee.

"Bisbisi ilisimama mkononi," anasema Komeo. "Hilo neno nimelisema tangu mtoto, nikitumwa chumvi nyumba ya pili. Siku hiyo likawa zito. Nikaona mimi mwenyewe nimetoka kumbishia hodi mara tatu, mwanamume, kwa sauti nene."

Ndipo wakaelewa na habari ya msiba. Vilio vilipopanda ngazi na milango ikaanza kugongwa, Mama Pacha aliwaingiza watoto chini ya kitanda, akalala nao huko mpaka nyumba ilipotulia.

Tangu siku hiyo Komeo akienda pale analalamikia goti. Ilikuwa fikra yake mwenyewe, na anaitetea.

"Nani amewahi kuvamiwa na mtu anayelia goti?" anauliza.

Wiki iliyofuata alirudi na komeo jipya, akalifunga kwa ndani. Kisha akatoboa tundu la kuchungulia kwenye usawa wa macho ya mama, na lingine chini, usawa wa mapacha, ili nao wajue nani amekuja bila kuuliza. Aliyapiga msasa yote mawili yakawa laini. Hakumwuliza mwenye nyumba.

Mama mwenye nyumba alipouona ule mlango alimwambia maneno ambayo Komeo anayakumbuka mpaka leo, likiwemo la kwamba ametoa ubao mzima na kumrudishia chujio. Komeo akaomba radhi, akaahidi mlango mwingine. Mama akamwuliza hayo matundu ni ya kazi gani hasa, na huyo mpangaji anamwogopa nani katika nyumba ya watu.

Hapo fundi akaokota sanduku lake.

"Nilikuwa na jibu mdomoni, na lingemtuliza palepale," anasema. "Lakini halikuwa langu. Mtu amekutolea jambo kama lile, wewe ulishushe chini kama habari za sokoni? Nikakaa nalo."

Akapanda tena na mkewe, safari hii bila kelele, akamweleza Mama Pacha kwamba yeye ameshindwa na hali ameiharibu zaidi. Mkewe ndiye aliyemalizia: "Dada, mwenzako aliyefiwa yuko chini peke yake. Hajui chochote. Anachojua ni kwamba hukuja."

Mama Pacha hakushuka. Siku zikapita na mwezi ukaelekea ukingoni.

Yaliyofuata anayasimulia mama mwenye nyumba mwenyewe. Ilikuwa jioni, anakunja nguo za marehemu dada yake, anazifungasha za kugawa. Akasikia hodi.

"Nyumba hii nazijua sauti zote," anasema. "Hiyo sikuwahi kuisikia. Nikamjua. Nikasema moyoni, na mimi nimnyamazie, aonje. Nikanyamaza kweli."

Hodi ya pili ikaja, inatetemeka.

"Mungu akanigusa. Nikasema karibu."

Mama Pacha akaingia, watoto wamemshika sketi, mmoja huku na mmoja huku. Hakukaa kwenye kiti. Akakaa chini, karibu na zile nguo, akasema: "Pole na dada yako, mama. Nimechelewa."

Kisha akamwambia kwa nini. Mama mwenye nyumba hasimulii zaidi ya hapo. Anasema tu kwamba walikunja nguo zote pamoja, kwamba magauni mawili hayakugawiwa, yalipanda juu, na kwamba mwezi uliisha ukaja mwingine na hakuna aliyezungumzia chumba.

Leo Komeo ameitwa kwa sababu mapacha wamerefuka. Tundu lao limebaki chini, wanainama kama wazee wakitaka kuchungulia. Wanasimamishwa mlangoni, migongo imenyooka, na fundi anaweka alama ya penseli kwenye usawa wa macho yao. Aliomba ruhusa mapema. Mama mwenye nyumba alimjibu kutoka chini, nyumba nzima ikasikia: "Toboa, fundi. Chujio ni chujio tu."

Unga wa mbao unamwagika magotini kwake. Mtoto wa kwanza anachungulia, anaripoti kwamba amemwona mke wa fundi anakuja. Mwenzake anamsukuma, naye anataka kuona.

Mkewe Komeo anaingia na furushi la nguo. Akiulizwa hali ya goti la mumewe, anacheka mpaka anakaa.

"Daktari alishamwambia limepona. Mwenyewe amekataa."

Komeo hakani wala hakubali. Anakusanya vifaa vyake. Anasema mpango wake ni kupata wageni wawili awafundishe ufundi, maana milango ni mingi na Alhamisi ni moja. Hilo ni la kamati. Lake mwenyewe analisema akiwa ameshatoka nje, komeo limeshasukumwa nyuma yake, na sauti ameishusha ili isiingie ndani.

Mama Pacha sasa anabisha hodi kwa watu. Anaomba moto, anaomba chumvi, anawapa wagonjwa pole. Ila kwake ukibisha wewe, bado haitiki. Anakwenda kwanza kwenye tundu.

"Sina haraka," anasema Komeo. "Lakini siku nikisimama hapa nikasema hodi, na mtu akaniambia karibu kabla hajachungulia, siku hiyo nitatangaza kwamba nimepona."

Anabeba sanduku. Kuna familia iliyofika juzi, mtaa wa nyuma, na mlango wao unaning'inia bawaba moja. Anashuka ngazi mbilimbili kama kijana, kimya kabisa.