Maua ya Mei Hayavuki Kizingiti

Netta Rattray alikuwa mpishi wa shule ya kijiji cha Balnarrow, bondeni katika jimbo la Angus, na watoto walimpenda kwa sababu hakuwa mchoyo wa mchuzi. Nje ya lango la shule hakuna aliyemwona. Alipita kando ya ukuta, koti kalifunga hadi shingoni hata jua likiwaka, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu ambaye bado aliomba ruhusa kwa mama yake kwenda kununua mkate.

Mama mwenyewe, Bethia, alikuwa wa kitandani tangu miguu imkatalie. Ni miguu tu iliyomkatalia, ulimi ulikuwa na afya tele. Bethia hakuwa na jema. Uji wa shayiri ukiwa mzito, Netta kataka kumkaba roho. Ukiwa mwepesi, Netta kamfanya mfungwa. Dirisha likifunguliwa ni baridi, likifungwa ni harufu ya vitunguu vya shuleni kwenye nywele za Netta. Netta aliitikia "Ndiyo, Mama," akafungua, akafunga.

Kwa nini alivumilia, kijiji kizima kilijua. Alipokuwa na miaka sita aliparamia uzio wa shamba, akavunja matawi ya mti wa miiba, ule unaofurika maua meupe mwezi wa Mei, akayabeba kifuani hadi jikoni kumpa mama yake zawadi. Balnarrow mtoto hufundishwa jambo hilo kabla hajafundishwa kusali: maua ya Mei hayaletwi ndani ya nyumba, maana yakiingia, kuna mtu atatoka amebebwa. Netta alikuwa hajaambiwa, au aliambiwa akasahau kwa furaha. Kabla mwezi haujaisha baba yake, Alec, akaangukiwa na jiwe machimboni. Siku ya mazishi, mbele ya watu na sahani zao za nyama baridi, Bethia alimwambia yule mtoto, "Wewe ndiye uliyemwita kaburini." Basi. Hakuhitaji kurudia mara nyingi. Kila Mei ilipofika alimtazama tu, na Netta akainama.

Hakuolewa. Alikuwapo mwanamume mmoja wa posta aliyejaribu bahati yake. Bethia akaugua mpaka mwanamume akahamishwa.

Halafu uzeeni, wakati ambapo hakuna aliyetarajia, Netta akapata kitu chake. Kwenye ukumbi wa kijiji palianzishwa darasa la uchoraji kila Jumanne, akaenda kwa kisingizio cha kusafisha vikombe vya chai, akabaki. Rangi za mafuta zilimteka. Hakutaka kuchora milima wala paa wa porini, kama wenzake. Alichora magugu: vikengele vya buluu vya msituni, majani ya kangaga, vile vijiua vya njano ambavyo ng'ombe huviruka, vyote ndani ya jagi la maziwa lililovunjika mdomo, juu ya ubao wa mkate. Alichorea kwenye banda la makaa, akiketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kila picha ilipokauka aliipeleka chumbani kwa mama yake, akasimama nayo miguuni pa kitanda.

"Magugu," Bethia alisema. Au: "Jagi limeinama. Au ni wewe uliyeinama?" Au anageukia tu ukutani.

Hebu tuseme mambo yalivyo. Mwanamke huyu hakuwa na haja ya sifa za dunia. Alitaka mama yake afungue kinywa mara moja kabla hajafa na kusema, hii ni nzuri. Akilipata neno hilo, alijua moyoni, atakuwa amesamehewa lile lingine pia.

Ndiyo maana mwaka ule alichora maua ya Mei. Alikuwa hajayagusa tangu utotoni. Aliyakata mwenyewe, akayaingiza bandani kwa njia ya nyuma asipite hata karibu na mlango wa jikoni, akayatia katikati ya vikengele na kangaga. Maua hayo hayana subira, yanaanza kumwaga petali na kunuka nyama iliyolala. Alichora kwa kukimbizana nayo, rangi nyeupe ikirundikana nene hata kila ua likawa na kivuli chake. Mwalimu wa darasa, Bwana Lornie, mtu asiye na maneno mengi, aliiangalia akavua miwani.

"Kwenye maonyesho ya Jumamosi hii itatundikwa ukumbini, Bi Netta. Mbele kabisa, watu wakiingia tu waione. Huo weupe umeutoa wapi?"

Netta aliondoka na picha ikiwa bado mbichi. Hakutaka kijiji kiione kwanza. Alimpelekea mama yake.

Bethia alitazama kwa muda mrefu, mrefu kuliko siku nyingine zote.

"Umeyaleta tena," Bethia akasema.

"Ni rangi tu, Mama."

"Nayanusa."

"Hayo ni mafuta ya rangi. Tazama, Mama, ni rangi. Bwana Lornie anasema..."

"Lornie kakuvika kilemba cha ukoka, nawe umekikaza kichwani. Nisikilize. Hayo mengine si mabaya. Hizo buluu hapo chini, si mbaya hata kidogo." Netta aliisogeza picha karibu. "Yakwangue hayo meupe. Hapa hapa, nikiona. Ukishayatoa nitakuambia picha yako ni nzuri, na nitakuambia kwa roho safi."

Ukumbi, Jumamosi, Bwana Lornie na miwani yake, vyote Netta alivipima dhidi ya neno lile moja, na havikufua dafu. Akaenda kuchukua kisu cha rangi. Rangi za mafuta hazina haraka ya kukauka, na nyeupe ile nene ilikuwa laini kama siagi ndani. Ilitoka kwa mikunjo. Aliipangusa kwenye aproni, akarudia, mpaka katikati ya picha pakabaki kitambaa kitupu chenye doa la kijivu. Kisha akainua picha na kungoja.

"Mbona ina shimo?" Bethia akauliza. "Nani atatundika picha yenye shimo? Nenda kachemshe maji."

Netta akaenda kuchemsha maji. Machozi hayakumtoka, pengine kwa kukosa mazoea.

Alhamisi akaja Ina Mollison, jirani na shoga wa Bethia tangu usichana, kunywa chai na kuwala watu nyama kama kawaida yao. Netta alikuwa nje ya mlango wa chumba na sinia la chai na mikate ya siagi aliposikia sauti ya mama yake, changamfu kama ya msichana.

"Akaikwangua, shoga! Kwa mkono wake mwenyewe! Ungemwona uso!"

"Ulifanya vyema," Ina alisema. "Hata mimi nisingelala na hayo maua ukutani."

"Ala! Na utu uzima wako wote unaamini mambo hayo? Mimi sijayaamini hata siku moja. Alec alikufa kwa sababu alipanda machimboni akiwa chakari. Harufu ilikuwa bado mdomoni walipomleta."

"Na Netta je?" Ina akauliza. "Miaka yote hii, Bethia. Anajua?"

"Ajue ili iwe nini? Mtoto mwenye hatia hakimbii nyumbani. Angeolewa na yule wa posta, akaenda zake. Uji wangu ungepikwa na nani, wewe?"

Ina hakucheka. Netta aliingia, akamimina chai bila kumwaga hata tone, akampa Ina sukari na mama yake leso. Ina hakuweza kumtazama usoni. Alimaliza kikombe upesi, akasema ana nguo kwenye kamba.

Mlango ulipofungwa nyuma ya Ina, Netta alichukua mkasi wa kupogolea, akatoka hadi kwenye uzio wa shamba. Maua yalikuwa mwishoni mwishoni, yakinuka vibaya kuliko mwanzo. Alikata mengi yasiyoshikika, miiba ikamchana mikono. Safari hii hakuzunguka kwa nyuma. Alipita mlango wa mbele, akayatia kwenye ndoo, akaiweka ndoo kwenye meza ya kitandani, karibu na mto kiasi kwamba petali zilianguka juu ya shuka. Akafunga dirisha. Kisha akaleta kiti, turubai jipya la kuchorea na rangi zake.

"Nini hiki?" Bethia akasema. "Toa."

"Si ulimwambia Ina hujayaamini hata siku moja?"

Bethia akajua kwamba amesikiwa. Alijaribu kicheko, kikakwama. Ni rahisi kutoamini kitu kikiwa mbali shambani. Kikiwa kinakupumulia shavuni nawe miguu huna, ni habari nyingine.

"Nilikuwa nampumbaza Ina. Netta. Yatoe."

"Tulia, Mama. Mwanga wa chumba hiki ni mzuri. Sijui kwa nini nimekaa bandani miaka yote."

Tawi moja liliteleza likamgusa Bethia kwenye paji la uso, akapiga ukelele, mikono ikapapasa shuka. "Mwanangu," akasema. Neno hilo nyumba ile ilikuwa haijalisikia. "Mwanangu, picha yako ilikuwa nzuri. Haki ya Mungu ilikuwa nzuri. Maua yalikuwa kama ya kweli, ndiyo maana niliogopa. Sijaona picha nzuri kama ile."

Netta alisimamisha brashi. Alilisikiliza neno lile alilolingoja tangu ana miaka sita, akatafuta furaha ndani yake, asiipate. Lilikuwa kama maji yaliyokwisha kuoshea vyombo.

"Sema tena," akamwambia.

Bethia akasema tena, akasema tena na tena, akilia. Jua la kule wakati huo wa mwaka halina haraka ya kuzama, na Netta alichora mpaka weupe wote ulipoenea. Akaosha brashi, akakausha mikono, akaiacha ndoo palepale ilipokuwa, akavuta mlango nyuma yake na kwenda jikoni kumenya viazi.