Mstari Alioona Aibu Kuuandika

Kwa miaka ishirini na saba, mtu wa Machame aliyetaka kugawa mali yake kabla ya kufa alipanda kwa Eliufoo. Mawakili walikuwa Moshi mjini na bei zao zilikuwa za mjini. Eliufoo, aliyewahi kuwa karani wa chama cha ushirika enzi kahawa ikiwa kahawa, alikuwa na kalamu ya wino, mwandiko wa kupendeza na ulimi usiobembeleza.

Wazee walimjia na maswali yale yale. Mrithi anaweza kuwa shahidi? Hawezi, tafuta jirani. Binti aliyerudi nyumbani nimpe nini? Mpe utakacho, ila andika ungali na akili zako, usingoje kuzungukwa kitandani na watu wa kukuitikia. Je, nikishakabidhi naweza kudai nirudishiwe?

Hapo ndipo alipokuwa mkali. "Ukishakabidhi umekabidhi. Kwa hiyo tunaandika hapa: atanitunza katika nyumba hii mpaka nife, wala hataiuza ningali hai."

Wazee walinuna. Mila ilishasema kwamba mtoto wa mwisho wa kiume huachiwa nyumba ya wazazi na kuwalea humo humo. Kumwandikia ni kumtukana. Mzee mmoja alichukua kofia yake akataka kuondoka. Eliufoo alimwambia aibu haipiki ndizi, akamrudisha kitini. Waliandika huku wamevimba mashavu, na wengi wao walikufa kwenye vitanda vyao wenyewe.

Mwaka 1996, miezi mitano baada ya kumzika mkewe Eunike kando ya migomba, zamu yake ikafika. Wanawe wakubwa walishapewa vyao. Kilichobaki ni nyumba na kihamba chake, yaani shamba la ukoo la migomba, na hivyo vilikuwa vya Godwin, kitinda mimba, muuza vipuri vya magari mjini. Ukoo ulikutana siku ya pili ya Krismasi, na Eliufoo akaketi kuandika. Alipofika kwenye ule mstari, kalamu ilisimama. Godwin alikuwa nyuma ya kiti, mkono begani mwa baba yake. Ndugu za marehemu Eunike walikuwa wakitazama. Angemwandikiaje kijana huyu, aliyemwosha mama yake miguu hospitalini, kwamba asimtupe baba yake? Akauruka mstari, akatia sahihi. Kinyozi hajinyoi, husema watu. Huyu hata wembe hakuugusa.

Na Godwin siku ile hakuwa mtoto mbaya. Hilo ndilo linaloudhi. Vipuri vya bei ya kutupa viliingia nchini kutoka kila upande, duka likafa, na mwaka wa tatu akauza nyumba na kihamba kwa mfanyabiashara wa mahindi wa Himo. Ukoo ulipiga kelele, lakini hakuna aliyekuwa na fedha za kukikomboa. Alibakiza ukanda mwembamba wenye kaburi la mama yake. Godwin akampangia baba yake chumba cha uani mjini, kwenye joto na vumbi, choo kimoja na wapangaji sita, bila mgomba hata mmoja wa kuupalilia. Mzee wa miaka sabini na minane akapanda gari kwenda kumshtaki mwanawe kwenye baraza la kata, ili arudishiwe nyumba ya kufia.

Mwenyekiti, Aminieli, aliisoma hati kwa sauti mpaka mwisho.

"Mzee, hati yako ni safi," alisema. "Lakini sharti la matunzo silioni."

"Mila inalijua."

"Inalijua. Na kama mlikubaliana kwa mdomo, ukasahau kuandika, tutawaita mashahidi. Aliyesahau tunamsaidia. Ulisahau?"

Kabla Eliufoo hajajibu, Godwin alisimama, akasema taratibu: "Mwenyekiti, baba hasahau. Ameandikia watu wa pande hizi zote. Kama hakuandika sharti, basi hakulitaka. Na mimi sijamtupa, nimempangia chumba."

Wajumbe walitikisa vichwa kukubali. Wawili kati yao, hati za baba zao aliziandika yeye. Eliufoo alikasirika, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe. Neno moja tu, nilisahau, na huenda angelala nyumbani kwake tena. Lakini kulitamka mbele ya watu hawa ni kuwaambia kwamba mwandishi wao alikuwa mzembe, na kwamba huenda hata karatasi zilizofungiwa makabatini mwao zina matundu. Sifa ile ndiyo mali pekee ambayo hakuwa amemkabidhi mtu.

"Sikusahau," alisema. "Niliona aibu kumwandikia mwanangu."

Karani wa baraza aliinamia daftari. Eliufoo alizoea kusoma maandishi kutoka upande wa pili wa meza, akayaona yakitoka: Mdai amekiri kwamba hakusahau. Kisha nukta.

"Malizia," alisema. "Nimesema niliona aibu."

"Hilo si jambo la sheria, mzee wangu," karani alijibu kwa heshima, akaligeuza daftari na kumpa kalamu. "Weka sahihi hapo chini."

Eliufoo alilisoma lile neno lake mara mbili, kama alivyowafundisha wazee wafanye kabla ya kutia sahihi. Hakuona kosa, akatia sahihi.